Makanisa ya Mume Wangu

Makanisa ya mume wangu niliyakuta ndani ya kopo la biskuti, chini ya soksi zake za sufi, asubuhi moja ya baridi katikati ya miaka ya sabini. Sikuwa natafuta kitu. Au niseme kweli: nilikuwa natafuta, kwa sababu mimi tangu utotoni sijaweza kuliona kopo limefungwa nikalipita.

Zilikuwa postikadi thelathini na moja, na karibu kila moja ilikuwa na kanisa. Kanisa lenye paa jeusi la mawe ya bapa, kanisa lenye minara miwili, kanisa ambalo mnara wake una kichwa cha mviringo kama kitunguu, na nyuma yao vilima vimepandwa mizabibu mpaka juu. Mbili tatu zilikuwa za makumbusho, moja ya ngome iliyobomoka. Hakuna hata moja iliyoandikwa anwani wala kubandikwa stempu. Nyuma kulikuwa na mistari ya penseli tu, imepinda kushoto, imepinda kulia, mingine imeishia kwenye nukta nene.

Kwanza nilidhani uganga. Nikaisogeza ile mistari dirishani, nikaigeuza juu chini, sikuona herufi wala jina la mtu. Nikazirudisha postikadi kwa mpangilio uleule niliozikuta, maana mpekuzi mzuri haachi alama, nikashuka jikoni nikakaa mbele ya birika bila kuliwasha.

Lazima nieleze mume wangu alikuwa mtu gani. Alikuwa mtu wa mashamba ya Pemba, amenipita miaka kumi na mitano, mkimya, mtu wa swala tano. Akisoma msahafu baada ya alfajiri ilikuwa raha kumsikiliza, na mara mbili nimeunguza uji kwa sababu hiyo. Tulipofika Birmingham alifanya kazi kiwandani, kule Longbridge wanakounda magari, lakini kusimama mahali pamoja kulimchosha, naye Unguja alikuwa dereva wa lori. Akapata kazi kwenye kampuni ndogo ya mabasi ya safari. Kila majira ya kuchipua na kila vuli alikuwa akiwapeleka Ujerumani wazee wa chama kimoja cha mtaa wa Great Barr, wapenzi wa makanisa ya kale. Siku kumi, kwenye bonde la mto Mosel, kunakolimwa zabibu za mvinyo. Mimi nilibaki nyumbani kwetu Bordesley Green na kazi yangu ya udobi hospitalini.

Tangu safari ya kwanza nilikuwa na wasiwasi na mambo mawili: mvinyo, na wanawake. Kila aliporudi nilimnusa koti kabla sijalitundika. Nilipekua mifuko. Sikupata kitu zaidi ya risiti za mafuta na maganda ya peremende. Makanisa sikuwa nimeyafikiria. Nani angefikiria makanisa?

Lakini nilipoyafikiria, kila kitu kikajipanga. Nikakumbuka kwamba hata humu Birmingham mume wangu alikuwa akielekeza watu njia kwa makanisa. Mgeni akiuliza nyumba yetu iko wapi, hataji jina la mtaa, atasema shuka mpaka kwenye kanisa la matofali mekundu, lile lenye saa iliyosimama. Nikakumbuka kwamba siku mbili tatu kabla ya safari alikuwa hali vizuri, anakaa chumbani kafunga mlango, na nikiingia anasimama ghafla. Mtu mwenye mke wa pili hafungi mlango akae peke yake. Nikaona hapa hapana mwanamke. Mume wangu amebatizwa.

Msomaji anaweza kucheka. Mimi sikucheka. Kwa tulivyofundishwa, mume akitoka katika dini ndoa haipo tena, hata kama mnakula sahani moja. Na mimi katika nchi ile sikuwa na mama, wala kaka, wala mtoto. Nilikuwa naye yeye tu. Kama ndoa imekwisha, basi nilikuwa nikiishi na mwanamume wa kando katika nyumba ya vyumba viwili, na sikuwa na pa kwenda.

Usiku ule alipomaliza kula nikalileta kopo, nikaliweka katikati ya meza.

"N'kuulize kitu, bwana?"

"Uliza."

"Umeingia kanisani?"

Alilitazama kopo. Uso wake ulibadilika, na mimi niliuona ulivyobadilika, nikajiambia nimempata. Nikangoja akatae. Nilitaka akatae. Nilitaka aape kwa ule msahafu wake, agonge meza, anitukane kama inabidi. Alichofanya ni kufunika kopo vizuri, akaliweka juu ya kabati la nguo ambako mkono wangu haufiki, akaenda kutawadha.

Kuanzia siku ile nikaanza kujifunika mbele yake. Sikuwa na uhakika, kwa hivyo nilichukua tahadhari. Nilimtilia chai nimejitanda ushungi mpaka kwenye nyusi. Nilihamishia mto wangu chumba kidogo. Alipopita ukumbini nilijibana ukutani nguo zetu zisigusane. Kupika nilipika, kwa sababu hata mpangaji anakula. Siku ya kwanza alinitazama, akautazama ushungi, akasema sukari inatosha. Ushungi ule ulidumu wiki tatu na kwa kweli ulikuwa ukiniwasha, lakini mimi nikishika jambo nimelishika.

Kumuuliza mtu mwingine sikuthubutu. Tulikuwa Wazanzibari wachache mjini, na habari ya namna ile ingefika kwa wenzetu wa London kabla ya sahani kuoshwa. Zaidi ya hayo, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kuulizwa. Nilisoma skuli ya serikali ya wasichana mpaka darasa la nane, Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka, na wanawake wenzangu walikuwa wakiniletea barua zao niwasomee na fomu zao niwajazie. Niliwasomea kwa adabu. Wakishaondoka nilimsimulia mume wangu jinsi fulani alivyoishika barua kichwa chini, nikaigiza, nikacheka peke yangu mpaka machozi. Yeye hakuwa mcheshi, na sikutegemea acheke.

Majira ya kuchipua yalipofika nikamwambia safari hii nakwenda naye. Nilijua madereva waliruhusiwa kuchukua wake zao kama viti havikujaa. Alisita, akasema njia ni ndefu, akasema wazee wenyewe wanakoroma. Kila sababu aliyoitoa iliniongezea hamu. Mwishoni akasema haya.

Kiongozi wa msafara alikuwa mama wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye daftari na maikrofoni. Karatasi zote za mpakani alizishika yeye, na alimwita mume wangu "bab", yaani mpenzi, neno ambalo watu wa Birmingham wanamwitia hata muuza samaki. Nililijua neno hilo vizuri. Hata hivyo nilihesabu amelitamka mara ngapi kabla ya kufika Dover.

Nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, nikamwangalia mume wangu shingo kwa siku mbili. Ubelgiji ikapita, milima ikaanza, kisha barabara ikateremka na mto ukatokea chini, umejikunja, na kila mahali mizabibu. Ilikuwa bado haijatoa majani, imefungwa kwenye vijiti kwa mistari, juu kabisa hata mbuzi asingependa kufika. Nilikiri moyoni kwamba ni nchi nzuri. Nikaongeza kwamba uzuri wote ule ulikuwa kiwanda cha pombe.

Siku za kwanza tulitazama makanisa mpaka nikachoka. Wazee walipenda kila kitu: jiwe la kubatizia, kaburi la askofu, mlango wenye mapengo yaliyotafunwa na miaka. Waliinama kutazama alama ukutani zinazoonyesha mto ulifurika mpaka wapi mwaka gani. Katika kanisa moja mlikuwa na sanduku la kioo, na ndani mifupa ya mtakatifu imevishwa vito na nyuzi za dhahabu. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikasoma kila dua niliyokumbuka. Ndani ya nyumba moja ya zamani tulipewa makubadhi makubwa ya sufi nzito tuyavae juu ya viatu tusikwaruze sakafu ya mbao, na mimi nikavua viatu kwanza, kama nilivyolelewa, nikavibeba kwapani. Siwezi kuacha viatu vyangu mlangoni kwa watu nisiowajua. Kwenye chakula cha mchana walituletea maji ya zabibu. Niliyanusa mara tatu, nikayarudisha.

Lakini macho yangu yalikuwa kwa mume wangu. Aliteremka kila kanisa, na kila kanisa alifanya vilevile. Alilizunguka nje. Alisimama mbali, akafumba jicho moja, akautazama mnara. Alikwenda mpaka darajani, akautazama tena kutoka kule, kisha akarudi kwenye kibanda akanunua postikadi. Ndani aliingia kidogo tu, kofia mkononi kwa heshima, akatoka. Hakupiga magoti. Hakuwasha mshumaa. Adhuhuri ilipofika alitandika kadibodi nyuma ya basi, akaswali, na mimi nimesimama nyuma ya mti wa watu ninamchungulia kama polisi. Aliswali sawasawa. Nikaona basi huyu ni wa kuwili, anaabudu huku na kule, na hilo lilinitia hasira kuliko ubatizo wenyewe.

Siku ya nne mama kiongozi aliamka na tumbo. Akabaki hotelini na ndoo, akamwambia mume wangu awapeleke wazee peke yake kwenye makumbusho ya wakulima wa mizabibu, mji wa nne kupanda na mto. "Unaijua njia, bab," alisema. Mume wangu akasema anaijua.

Akaendesha vizuri mji wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wazee nyuma waliimba. Kisha tukafika mahali barabara inapogawanyika, na pale nikaona mabega ya mume wangu yanapanda. Kulikuwa na kanisa, lakini mnara wake wote ulikuwa umezungukwa na vyuma vya mafundi na kufunikwa turubai kutoka juu hadi chini. Walikuwa wakitengeneza paa. Akapunguza mwendo. Akainamisha kichwa atazame juu kupitia kioo, akatazama turubai, akatazama kulia, akatazama kushoto. Mbele yetu kulikuwa na kibao cha manjano kikubwa kuliko mlango wa nyumba yangu, na juu yake limeandikwa jina la mji tunaokwenda, na mshale wa kushoto.

Akakata kulia.

Nilidhani anajua njia ya mkato. Barabara ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa ya mawe, kuta za mizabibu zikatusogelea pande zote mbili mpaka matawi yakakwaruza vioo. Kwenye kona basi likakataa. Mkulima mmoja juu yetu akasimama na mkasi wake mkononi, akapiga kelele nyingi za Kijerumani. Wazee wakaacha kuimba. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kumwomba Mungu kwa sauti.

Mume wangu akatia gia ya nyuma. Akalirudisha lile basi kinyumenyume kuteremka mlima wote, kona kwa kona, mkono mmoja kwenye usukani na kichwa nje ya dirisha, bila kugusa ukuta hata mara moja. Sijaona udereva kama ule kabla wala baada. Wazee wakampigia makofi, na jasho lilikuwa likimchuruzika masikioni.

Tukarudi palepale penye njia panda. Akasimamisha basi. Hakuzima injini. Kibao kilikuwa mbele ya macho yake, herufi nyeusi kubwa, na yeye hakukitazama. Alikuwa akilitazama turubai. Akafuta viganja kwenye suruali, kimoja, halafu kingine.

Ndipo nilipojua. Gazeti la jioni lilinijia kichwani, alivyokuwa akinipa nimsomee eti macho yana mchanga. Nikakumbuka mikahawani akisema atakula nitakachokula mimi. Fomu za kiwandani nilizijaza mimi, yeye akatia sahihi, na sahihi yake ni mchoro mmoja tu. Msahafu alikuwa anasoma, ndiyo, alifundishwa chuo cha Kurani akiwa mdogo, na mimi nikachukulia kwamba asomaye anasoma. Herufi za kizungu mojamoja alizijua, na tarakimu, na barabara kubwa zina namba. Vijijini hakukuwa na namba. Vijijini alikuwa na minara, na ile mistari ya penseli ilikuwa njia: ukifika kwenye huu kata huku, ukifika kwenye ule kata kule. Siku mbili tatu kabla ya safari alikuwa akijifungia anadurusu.

"Kushoto," nilisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayepiga soga.

Hakugeuka. Akatia gia, akakata kushoto.

Makumbusho yalikuwa ghala la zamani lenye shinikizo la kukamulia zabibu la mti mzima, refu kama chumba, na mapipa, na visu vya kupogolea vimepangwa ukutani. Nilivitazama nusu dakika. Mtunzaji alikuwa akiwaeleza wazee jambo kwa Kiingereza cha kubahatisha, wakalizunguka lile shinikizo kwa furaha. Mimi nikatoka. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe juani, kofia magotini.

Nikakaa. Sio karibu sana. Ushungi ulikuwa umenishuka mabegani tangu kule mlimani na sikuupandisha.

"Umejua," alisema.

"Nimejua."

"Bosi akijua nimekwisha."

"Kwangu hatajua."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wakifunga mizabibu kwenye vijiti, wadogo kule juu, na sauti zao zilifika kwetu. Nilihisi aibu, na nilihisi nafuu kubwa, mume wangu ni Muislamu na ndoa yangu ipo, na juu ya yote hayo nilihisi hasira, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Wiki tatu, bwana," nilisema. "Wiki tatu najifunika ndani ya nyumba yangu. Nimelala chumba cha baridi. N'likuuliza uso kwa uso, umeingia kanisani? Neno moja tu lilikuwa linatosha. Hapana. Ungesema hapana."

"Ungeuliza ya nini, basi, hizo picha."

"Ungesema unazipenda tu!"

"Ungeamini?"

Anayenijua anajua nisingeamini.

"Kwa hiyo ukaona bora nidhani umekufuru," nilisema. "Ukaona bora nikuache. Maana n'lishaanza kufikiri nitakwenda wapi, nataka ujue hivyo. Ukaona hilo ndiyo afadhali."

Aliigeuza kofia yake. Mtu huyu alikuwa na maneno machache, na yale aliyokuwa nayo alikuwa akiyapima kwanza.

"Ungeniacha kwa dini," alisema, "ungekwenda zako unalia. Ukikaa na mimi unajua sijui kusoma, ungenicheka jikoni."

Nilifungua mdomo nimwambie si kweli. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha jikoni akinisikiliza ninavyowaigiza wanawake wa watu na barua zao, mmoja mmoja. Nikaufunga mdomo. Mlango wa makumbusho ukafunguka, wazee wakaanza kutoka wakisaidiana ngazi, naye akasimama, akavaa kofia, akaenda kuwafungulia basi.